Nyumba ya Tamar Isiyoshika Moto

Wifi yangu Tamar alizaliwa na kelele zake. Siku za soko pale Kalunguta alikuwa anatoa kikapuni fungu la nyuzi nyeupe, laini, analitupa kwenye makaa ya muuza mahindi, kisha anaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisa. Akilitoa kwa koleo, jeupe vilevile. Sisi vigelegele, hata tulioona mara mia.

Ilikuwa mwaka 2000, katikati ya vita, na askari wa kila rangi walichoma nyumba kwa hasira ya kukosa kuku tu. Kwa hiyo pamba ya mawe, ndivyo tulivyoziita nyuzi hizo, ilipendwa kuliko chumvi. Wazungu waliichimba zamani kilimani juu yetu, wakaondoka wakiacha mashimo wazi. Tamar aliifuata huko na jembe, akaitwanga kwenye kinu, akaichanganya na udongo mweupe, akapaka kuta za watu. Jioni alirudi mweupe nyusi mpaka visigino, anacheka peke yake njiani. Nyumba yake aliipaka ndani na nje.

Halafu akapendwa. Huko Butembo, kwenye kwaya ya parokia, alikutana na Mathe, mjane mpole wa upande wa Mabalako, ambaye nyumba yake ilikuwa majivu. Mbuzi wakaletwa, padri akatangaza. Kwetu mume ndiye humpeleka mke kwake, lakini kwa Mathe hapakuwa na kwake, basi wakapatana yeye ahamie kwa Tamar. Tulimtania bibi harusi kwamba mbuzi warudi kwa Mathe, maana ndiye anayeolewa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Juma la harusi Mathe akaja kuiona nyumba mara ya kwanza. Akagusa ukuta mlangoni, akatazama vidole vyake, akarudi nyuma. Ndani hakuingia. Tamar akawaka. Akamwambia kama amepata mwingine aseme, achukue mbuzi wake aende, ingawa mbuzi wawili tulikuwa tumeshawala na mimi nilianza kuogopa. Mathe akaketi kwenye jiwe, akakohoa muda mrefu hadi tukaona haya kumtazama.

“Mama Tamar, nakupenda,” alimwambia mchumba wake. “Lakini mu hii nyumba miye hapana lala. Nilichimba hii pamba yenu ya mawe, amiante, na Bazungu. Ile vumbi inaingiaka mu mapafu, haitokake tena. Benzangu bote balikufa na kukohoa.”

Daktari mmoja wa Beni alikuwa amempiga Mathe picha ya kifua, akamweleza yote. Tamar akainua jembe aubomoe ukuta, na Mathe akamzuia: ukivunja pakavu, vumbi lote linaamka. Dawa ni kulowesha na kufunika.

Basi mkesha wa harusi, mchana kweupe, wageni waliokuja mapema wakaulizwa kama wanajua kukandika. Nani asiyejua kwetu? Tulimwagia maji kuta nzima, tukakanyaga tope, tukalipiga kwa viganja, tabaka nene. Mama wawili wa kwaya walianguka pamoja kwenye tope na hawakutaka kuinuka kwa kucheka. Kinu kilizikwa. Jumatatu tungeanza nyumba za wateja, na kufunga mashimo ambamo watoto walicheza.

Tulipofika ukuta wa mwisho, Tamar akamgeukia Mathe, uso umejaa tope.

“Na miye je? Kwangu itaanza wakati gani?”

“Pengine hapana itaanza. Kwangu ilianza kisha myaka makumi mbili.”

Tamar akachota tope jingine, akalibandika ukutani.

“Basi unioe mbio.”

Tulicheka sote, na Mathe zaidi ya wote, mpaka kicheko chake kikageuka kikohozi. Tamar akamshika mgongo kwa mikono yake yenye tope, akaendelea kumshika hadi kikaisha.