Mabegi Matatu ya Mama Futi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Futi kilikuwa mgongo wake, na mgongo wenyewe ulikuwa umebeba begi. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, anakanyaga kwa kasi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na begi kubwa la turubai la kijani limemng'ang'ania mabegani kama mtoto asiyetaka kushushwa. Mimi nilikuwa nimepeleka suruali yangu ya usaili ipunguzwe kiuno. Nilidhani nimemkuta akiondoka.

"Unafunga, mama? Nirudi kesho?"

"Nifunge saa nne asubuhi niende wapi?"

"Nimeona begi."

"Hayo ni mazoezi. Leta suruali."

Ndani ya begi hilo, nilikuja kujua baadaye, mlikuwa na pasi mbili za mkaa zilizokwisha kustaafu, chupa tatu za maji na furushi la vipande vya vitambaa. Alilivaa kila siku kuanzia saa nne hadi saa sita. Alishona nalo, alipiga pasi nalo, alikwenda nalo duka la jirani kununua uzi. Wateja wapya waliuliza kama anahama. Wale wa zamani walishazoea; walimsalimia yeye kwanza, kisha wakaulizia hali ya begi.

Jina la Mama Futi lilitokana na utepe wa kupimia ambao haukutoka shingoni mwake tangu alipofungua kibanda. Ajabu ni kwamba hakuutumia sana. Alikuwa na utaratibu wake: mtu hupimwa mara moja tu, vipimo vyake vikaandikwa katika daftari nene lenye jalada jeusi, basi. Ukirudi baada ya mwaka, alikutazama ukivuka kizingiti, akaongeza au kupunguza kwa macho. "Umeongezeka vidole viwili kiunoni," alimwambia mtu kabla hata hajaitikia salamu. Wengi hawakuipenda habari hiyo, lakini nguo zilikaa vizuri, wakanyamaza.

Alipomaliza kunipima aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nimehitimu chuo kikuu, nasubiri kazi.

"Basi masharti ya viza unaweza kuyasoma ukayaelewa?"

"Naweza kujaribu, mama."

"Jumamosi njoo. Chai ipo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza baada ya kuhitimu.

Jumamosi hiyo niliwakuta watatu. Mama Futi alikuwa na rafiki zake wawili wa tangu shule ya bweni, ambako walilala vitanda vinavyofuatana. Mmoja alikuwa mkunga, mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa, aliyekwisha kuwapokea watoto wengi hata hakuweza kupita sokoni bila kuitwa bibi. Wa pili alikuwa Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na mbili. Aliweza kuchora ramani ya Asia ubaoni akiwa amefumba macho, na hajawahi kukanyaga hata ukingo wake.

Walipokuwa wasichana waliahidiana kwamba mtoto wao wa mwisho kati ya wote akishajitegemea, wataizunguka Asia kwa miguu, treni na mabasi, mabegi mgongoni. Kitindamimba wa mkunga alipata kazi mwaka jana. Maji wameyavulia nguo, hawakuwa na budi kuyaoga. Wangeanzia India, wapande Nepali kuiona milima, wateremke Tailandi na kumalizia Vietinamu. Miezi miwili.

Kijana wa kwanza wa Mama Futi alipiga simu nikiwa pale. Alitaka kujua kwa nini mama yake asinunue sanduku la magurudumu kama watu wa rika lake.

"Magurudumu hayapandi mlima, mwanangu," alijibu, akakata simu.

Safari ilikuwa na sheria moja, naye ndiye aliyeitunga: kila mtu anabeba mzigo wake. Hakuna kuajiri mchukuzi, hakuna kumbebea mwenzio. Asiyeweza kubeba lake abaki nyumbani, na akibaki mmoja, hakuna anayekwenda. Alisema hivyo huku akinikazia macho, kana kwamba na mimi nilikuwa nasafiri.

"Yaani safari ya miaka arobaini iko mabegani mwetu," alisema Mwalimu.

"Ndiyo. Kwa hiyo yatunze."

Mkunga aliinamia kikombe chake cha chai.

Mabegi aliyashona mwenyewe, kwa kuwa ya dukani aliyadharau. "Limeshonwa kwa uzi wa kufungia barua hili," alisema, akalivuta moja la mteja mshono ukafumuka, ikabidi aushone bure. Lake lilikuwa la kijani, la Mwalimu la buluu, la mkunga jekundu. Hakumpima mtu. Alifungua daftari jeusi kwenye vipimo vya magauni aliyowashonea miaka sita iliyopita kwa harusi ya binti wa Mwalimu, akakata turubai kwa vipimo hivyo.

Siku ya kujaribu, Mwalimu alilivaa lake likamkaa kama ngozi yake. Mkunga alipovaa lile jekundu, liliinama upande wa kulia. Mama Futi alilitazama, akalivuta, likarudi kuinama.

"Mkanda huu nimeukata vibaya. Vua."

Aliufumua, akaushona upya. Jumamosi iliyofuata begi likainama vilevile. Akafumua tena, safari hii mikanda yote miwili, akiwa kimya. Fundi akinyamaza, alininong'oneza Mwalimu, jua ana ugomvi na mkono wake.

Juma la tatu lilipoinama, Mama Futi alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mkono umezeeka," alisema. "Nikishindwa kukata mikanda miwili sawasawa, bora nibaki nishone foronya."

"Acha maneno hayo," alisema mkunga haraka. "Begi zuri. Mimi nimelipenda hivihivi."

"Hivihivi limepinda?"

"Limepinda kidogo tu."

Mama Futi alilichukua begi, akalilaza juu ya meza ya kukatia na kuiweka mikanda sambamba. Akavua utepe shingoni. Alipima wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia. Kisha akajinyoosha polepole na kutugeukia.

"Begi halina kosa," alisema. "Njoo hapa wewe."

"Mimi umeshanipima, nimo kwenye daftari."

"Njoo."

Akampima mkunga kutoka shingo hadi bega la kushoto, akapima hadi la kulia, kisha akarudi nyuma hatua mbili akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Hata mimi nililiona sasa. Bega la kulia lilikuwa limeshuka vidole viwili.

"Lini?" aliuliza.

Mkunga alijishughulisha na kikombe chake. "Nilianguka ngazi za wodini."

"Nimekuuliza lini."

"Miezi saba sasa."

"Miezi saba. Na kila Jumamosi unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unasema u mzima."

"Ningesemaje? Sheria umeitunga mwenyewe. Asiyeweza kubeba lake abaki, na akibaki mmoja hakuna anayekwenda. Nikisema bega linauma, nawakalisha nyote."

Mama Futi alivingirisha utepe kidoleni, akaufungua, akauvingirisha tena.

"Miezi saba macho yangu yamekutazama ukiingia mlango huo," alisema hatimaye. "Naona kiuno cha mpita njia, bega la mwenzangu silioni. Nilikuwa nakutazama kwa daftari."

Mwalimu alikohoa. "Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Ndiyo maana ukatunga sheria kwa raha zako."

"Mwalimu, chora ramani huko, niache."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshachukua chaki yake ya kukatia.

Siku mbili baadaye mkunga alikwenda kwa daktari wa viungo, nasi wote watatu tukamsindikiza, mpaka daktari akauliza mgonjwa ni nani. Aliruhusu safari kwa masharti: kilo zisizidi sita, na uzito ukae kiunoni, si mabegani. Mama Futi alimwomba aonyeshe kwa kidole mahali hasa, akamwekea mkunga alama ya chaki juu ya gauni palepale. Daktari alicheka. Mkunga hakucheka, lilikuwa gauni lake la kutokea.

Begi jekundu lilifumuliwa mara ya nne. Likawekewa mkanda mpana wa kiunoni uliojazwa sponji, na mikanda ya mabegani ikabaki ya kulishikilia tu lisipepesuke. Na katika daftari jeusi, Mama Futi alifuta ukurasa wa mkunga akauandika upya, bega la kulia na la kushoto, kila moja na kipimo chake.

Kuhusu sheria, alitaka kuiondoa. Mkunga ndiye aliyekataa.

"Nitabeba langu," alisema. "Jumamosi tunapanda kilima cha tangi la maji, mabegi yamejaa. Nikishindwa, nitawaambia mwenyewe."

Jumamosi hiyo sikunywa chai. Niliwafuata kwa nyuma, moyo unanidunda kuliko siku ya mtihani wa mwisho. Kilima kile kina ngazi mia mbili na kumi, nilizihesabu. Kwenye ngazi ya mia moja mtu mmoja aliomba kupumzika. Alikuwa Mwalimu. Ameketi, anahema, jasho linamtiririka.

"Umeweka nini humo?" aliuliza Mama Futi, akafungua zipu ya begi la buluu. Alitoa atlasi kubwa ya darasani, yenye jalada gumu, nzito kama tofali.

"Tutajuaje tuko wapi?"

"Tutawauliza watu."

Juu kabisa, karibu na tangi, begi jekundu lilikuwa limesimama wima, halijainama upande wowote. "Nyie wazee," mkunga aliita, "mnakuja au niwatangulie India?"

Atlasi nimeachiwa mimi. Viza zote tatu zimetoka; niliyasoma masharti yale mpaka nayaota. Pasi za mkaa zimerudi rafuni, na sasa Mama Futi anavaa begi lenye vitu vya safari vyenyewe, kuanzia saa nne hadi saa sita, ingawa hakuna anayemlazimisha. Nyuma ya mlango wa kibanda kinaning'inia kitambaa cheupe alichokidarizi kwa uzi mwekundu: FUNDI AMESAFIRI. Kimegeuziwa mlangoni, maandishi hayaonekani. Alhamisi saa mbili asubuhi teksi itakapowachukua, mimi ndiye nitakayekitoa na kukitundika nje. Leo ni Jumatatu. Asubuhi nilimkuta amekigeuza kidogo, anakisoma, kisha akakirudisha upesi aliponiona.

"Nilikuwa natazama kama mshono umekaza," alisema.