Sahani za Arakafi

Mpaka leo nikipewa sahani ya aluminiamu shereheni naigeuza kwanza nione mgongo wake kabla sijapakuliwa, na watu wanadhani natafuta uchafu, kumbe najikumbusha siku niliyoaibika mbele ya nusu ya mtaa pale Ifakara, aibu ambayo sina hata wa kumsingizia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kozini Dar es Salaam, kijana wa Musoma, fundi wa kuchonga kalibu, yaani vile vyuma viwili vya kwenye presi, dume na jike, vinavyolibana bati likatoka sahani au mfuniko. Karakana ya Mzee Pius ndiyo iliyonipa kazi, na chumba cha nyuma cha kulala. Wenzangu wa kazini walikuwa watu wema, lakini Jumamosi mchana kila mmoja anadandia baiskeli kwenda kwao, huyu Namawala, yule Mchombe, mpunga unawasubiri, mimi nabaki na redio. Kuna Jumapili nilikuwa nasema neno la kwanza saa kumi jioni, tena namwambia muuza samaki.

Basi, kozini walitufundisha mtindo uliokuwa unaingia wakati ule. Kalibu za zamani zilihitaji mapigo matatu, la kukata duara, la kukunja ukingo, la kupiga maandishi. Za kisasa zinamaliza yote kwa pigo moja, ila zimepinduliwa, dume linakaa chini na jike linashuka kutoka juu. (Mwalimu alituambia wenzetu huko nje wanazichora kwa kompyuta. Sisi tulikuwa na rula na penseli.) Nikamwambia Mzee Pius naweza. Parokia ilikuwa inatafuta sahani za jubilei, zenye maneno KARIBU IFAKARA ndani, na mzee akaniambia wazi, "Hii tukiikosa, kijana wangu, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Nikachonga wiki nyingi. Ilipokamilika, mtu mwenye akili angejaribu kipande kimoja peke yake, akikague, ndipo aite watu. Mimi nikaamua pigo la kwanza lipigwe mbele ya wageni. Ukweli ni kwamba nilitaka watu waje. Nilialika mtaa mzima, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, na Mama Theodora, mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani, nikanunua mchele na kitoga, samaki wa mtoni, nikawaomba kina mama wapike.

Walikuja! Uani pakajaa. Nikapiga presi, sahani ikatoka kifudifudi, na mgongoni pamesomeka KARIBU IFAKARA, safi kabisa. Vigelegele. Mzee Pius akanishika bega. Nikapiga nyingine na nyingine, naziona migongo tu, kina mama wanazikusanya, wanazisugua mafuta ya mashine kwa sabuni, wanapakua. (Waliosugua waliniambia baadaye waliona kitu, wakadhani ndivyo mafundi wanavyoandika.)

Watu wakala. Na wali ulivyokuwa unapungua, ndivyo maandishi yalivyoanza kutokeza.

"Mwanangu," akaita Mama Theodora, sahani ameishika karibu na miwani, "Arakafi Ubirak ndiyo nini? Ni Kijita, lugha ya kwenu Musoma?"

Nikasogea. Nikaisoma sahani yake. Nilikuwa nimechonga kwa mazoea ya zamani, chuma cha juu maneno kinyume, cha chini maneno sawa, nimesahau kwamba mtindo mpya umepinduliwa, cha juu ndicho kinachopiga mgongo wa sahani, kwa hiyo sahani ilisomeka mgongoni na ndani ikasomeka kinyumenyume. Kicheko kikaanzia pembeni, kikaja. Hapo ningenyamaza ingeishia hapo, lakini mimi nikapanda juu ya kiti nikapaza sauti, "Geuzeni sahani! Mkigeuza mtasoma vizuri!"

Na mwenyekiti wa kamati, mtu mtiifu, akageuza. Mchuzi wote wa kitoga ukamshukia kwenye shati jeupe mpaka mapajani.

"Nimesoma," akasema taratibu, akijipangusa. "Asante."

Uani palilipuka. Mzee Pius tu ndiye ambaye hakucheka. Kazi ya parokia ilikwenda kwa mafundi wa Morogoro mjini, na mimi nikabaki mpaka mwisho wa msimu kwa kuonewa huruma. Jioni ile wageni walipoondoka niliosha sahani zote mwenyewe, nikizipanga, na kila niliyoipangusa ilinisoma kinyume.

Kuanzia hapo nikapata jina. "Arakafi, vipi?" sokoni. "Shikamoo Arakafi," watoto wa shule. Kila mtu alinijua, kila mtu alicheka akapita, na Jumamosi mchana baiskeli ziliondoka vilevile. Tangu siku hiyo niliapa: pigo la kwanza napiga peke yangu, mlango umefungwa, na nikitaka watu waje kwangu nawaambia tu njooni tule, bila kuwaonyesha chochote.

Siku naondoka, pale stendi, mpakia mizigo alitaka kuandika jina kwenye sanduku langu kwa chaki. Akaanza A, R, akasita, akanitazama.

"Hivi Arakafi, jina lako hasa nani?"

Basi lilikuwa limeshawasha injini, linanguruma. Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika Arakafi.