Jiko Jipya, Kuni Mbichi

Mimi ni karani wa ununuzi katika shule ya serikali ya wasichana hapa Thika, shule ya bweni, na kuna mwaka nilikuwa mtu wa kuudhi sana. Nilikuwa nimetoka semina ya siku tatu kuhusu taasisi za umma kununua vitu visivyopoteza umeme wala kuni. Nilirudi na cheti, begi la kitambaa, na ugonjwa wa kuzima taa za watu. Mhasibu nilimzimia akiwa ndani anaandika. Nyumbani Mwiki, mke wangu alinipiga marufuku kugusa friji.

Lakini kamati ya shule ilinisikiliza. Niliwaambia tuache kukimbilia bei ya chini tu. Tuangalie kitu kitatula pesa kiasi gani miaka yote tutakayokaa nacho. Nikaanzia jikoni. Kulikuwa na mafiga makubwa, sufuria ambazo mtu mzima angeoga ndani, na moshi uliokuwa umepaka kuta rangi nyeusi mpaka juu. Kulikuwa pia na mpishi mkuu, mama wa Kiandutu, aliyekuwa akipika githeri, yale mahindi na maharagwe ya shule ile, tangu mimi nikivaa kaptura za shule ya msingi Ruiru.

Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi, na daktari alimwambia waziwazi: moshi uishe, ama yeye atoke jikoni. Alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu, na akitoka mapema kiinua mgongo hapati. Nikamwahidi kwamba jiko jipya litaumaliza moshi kabisa.

"Ai, kijana wa ofisi," akasema, "wewe umewahi kupika hata ugali?"

"Mama, nimesoma karatasi zake zote."

"Basi pika hizo karatasi tuone."

Majiko yakaja, yakajengewa matofali, yakawekwa dohani ndefu. Tukapiga picha. Kesho yake yakawashwa, na ngai, moshi ulikuwa mwingi kuliko wa mafiga! Ulijaa jikoni, ukatoka kwa mlango, ukaingia darasa la jirani, na wasichana wakatoka nje wakifurahi kwa dakika arobaini nzima. Chakula cha mchana kililiwa karibu saa kumi.

Siku zikaenda hivyo. Mama alikuwa akikohoa mpaka anaegemea ukuta. Mwalimu mkuu akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha, kwamba kamati itakuja mwisho wa mwezi, na kama mambo ni haya majiko yatang'olewa na mafiga yarudi. Nilimpigia simu fundi aliyeyajenga nikamfokea. Akaja, akachungulia dohani, akasema majiko hayana shida. Nikamfokea tena.

Mwishowe nikaenda jikoni kuomba msamaha. Nilimkuta mama nje, ameketi juu ya gogo, anapumua kwa shida. Akachukua vipande viwili vya kuni kutoka kwa rundo la shule akanipa.

"Gonganisha."

Nikagonganisha. Vikatoa sauti nzito, du, kama godoro likianguka. Akaingiza mkono nyuma ya tangi la maji, akatoa vipande vingine viwili alivyokuwa ametoka navyo kwake.

"Na hizi."

Ko! Sauti ilisikika mpaka kwa geti.

"Kuni kavu inajibu, mbichi inanyamaza," akasema. "Hiyo hata mtoto wa kwetu anajua. Wewe umenunulia shule lori ya maji, baba."

Woi, aibu! Jiko nililinunua kwa akili mpya, lakini tenda ya kuni nilikuwa nimenakili ile ya mwaka uliopita, neno kwa neno, kama tunavyofanya kila mwaka: kuni, lori moja, mwenye bei ya chini ashinde. Na mwenye bei ya chini alikuwa anaangusha mikaratusi asubuhi na kutuletea mchana, majani yakiwa bado yananing'inia. Kazi ya mpishi ilikuwa kutia sahihi tu kwamba lori limefika.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ungesikia? Si ulikuwa na cheti."

Niliandika tenda upya siku hiyo hiyo. Kuni zipasuliwe, zikatwe fupi, zikaushwe chini ya paa, na mpishi mkuu azigonganishe kabla hazijashushwa. Mkaguzi wa hesabu aliniuliza hiyo sauti inapimwa kwa chombo gani. Nikamwambia inapimwa na mama. Hakucheka, lakini hakuifuta.

Lori la kwanza mama alilirudisha lote, dereva akilalamika mpaka barabarani. La pili aligonga, akasikiliza, akagonga tena, kisha akaonyesha kwa kidevu pa kushushia.

Kamati ilikuja Ijumaa. Walisimama jikoni wakitazama juu, wakatazama mlangoni, na mwenyekiti akauliza kwa nini moto haujawashwa. Mama akafunua sufuria. Githeri ilikuwa inachemka kwa fujo. Wakaangaliana, wakasema majiko yabaki, wakaenda kunywa chai.

Nilibaki nyuma nikijipongeza kimoyomoyo. Hapo nikamwona mama amegeukia ukuta, anajipangusa macho kwa aproni, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikashtuka.

"Mama, bado moshi unakusumbua?"

Akanigeukia, mashavu yote yamelowa.

"Wewe kijana," akasema, "moshi uko wapi?"