Deraya ya Marcelino

Bi Mwanamkuu hakumwamini mtu aliyeleta kitu kizima kutengenezwa. Beseni lililopasuka, sawa. Ndoo iliyotoboka, karibu. Hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini pale barazani kwake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: kisu kwenye jiko la mkaa, kipande cha plastiki, na vidole vilivyokwisha kuzoea moto. Miaka ile ndoo mpya huipati dukani hata ukilia, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kiraka chake, na kiraka kisichovuja kilitoka kwake. Sasa huyu Marcelino, kijana wa mgambo, anakuja na deraya ya plastiki isiyo na hata ufa, anasema inambana. Inambana! Msako wa wahujumu uchumi umepamba moto, watu wanatupa vitambaa mtaroni kwa hofu, yeye kinachomkosesha raha ni deraya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Vazi la askari wa Kirumi. Ijumaa Kuu tunaigiza mateso ya Yesu, tunatoka kanisani tunazunguka mitaa. Mimi ndiye mkuu wa askari. Padri aliletewa hizi kutoka kwao Ulaya, lakini nadhani zilikuwa za watoto wa shule."

Bi Mwanamkuu akaigeuzageuza. Kipande cha mbele, kipande cha nyuma, rangi ya fedha juu yake. Kijana alipoivaa ikamkaa kifuani kama bibu ya mtoto mchanga. Hapo hakudanganya. Lakini mafundi wa plastiki Kariakoo walikuwa wamekwisha? Kwa nini aje kwake?

Maana huyu huyu Marcelino ndiye aliyempekua chumba siku chache kabla. Aliinua godoro, akafunua sufuria, kisha akasimama kwenye gunia la mkaa na kuzamisha mkono mpaka kiwiko. Chini ya mkaa ule, ndani ya mfuko wa saruji, zilikuwemo khanga za bintiye Kuruthumu, doti mpya zenye gundi yake ya kiwandani, zilizonunuliwa moja moja kwa kificho kwa ajili ya harusi. Bibi harusi wa watu hapelekwi kwa mumewe na khanga zilizofuliwa. Mawifi wangezinusa na kucheka mpaka mwisho wa dunia. Marcelino akautoa mkono, akajifuta, akasema, "Hapa safi." Tangu hapo Bi Mwanamkuu hakupata usingizi wa maana. Alizigusa au hakuzigusa? Na kama alizigusa, amenyamaza ili iweje? Neno moja tu la kijana huyu na yeye yuko rumande, na harusi ya mwanawe imekwisha kabla ya kuanza.

Akaichukua kazi. Angekataaje? Akaipasua deraya ubavuni, akaongeza vipande vya beseni kuukuu la kijivu, akaviunga kwa kisu cha moto. Mabega yalitaka kupanuliwa, na plastiki hupanuka ikiwa laini, tena juu ya mwili wa mwenyewe. Basi akamvisha gunia lililoloweshwa maji, akaipasha deraya kwa mvuke, akamkandamizia mabegani.

"Usitikisike."

"Inaunguza, mama!"

"Itapoa. Ulitaka ikukae, si ndiyo?"

Kijana akasimama mikono juu, macho yakizunguka chumbani. "Humu unakaa na nani?"

"Na binti yangu."

"Na mlango unafungika vizuri?"

"Wewe unapimwa deraya au unapima mlango?"

Marcelino akacheka. Kicheko chenyewe hakikumpendeza Bi Mwanamkuu hata kidogo. Kesho yake kijana akarudi, eti kuangalia kazi imefikia wapi, akatoa kifurushi cha kitambaa ndani ya shati na kukisukuma chini ya kitanda. Bi Mwanamkuu akakivuta, akakifungua: ndani mlikuwa na saa za mkono, zinang'aa, bado na karatasi zake.

"Niwekee mpaka msako upite, mama. Nyumba hii nimeshaipekua mwenyewe, haji mtu tena."

"Za duka la nani hizi?"

"Usiniulize." Akainama karibu na sikio lake. "Mbona mimi mkaa wako sikuumwaga?"

Lo! Kumbe alizigusa. Bi Mwanamkuu alibaki ameketi, kisu kinapoa mkononi. Angekwenda kumshitaki kwa nani? Kwa mgambo wenzake? Angezitupa, kijana angemdai. Angezitunza, siku yoyote wangeweza kuja kuzifuata, na aliyeziweka ndiye angekuwa wa kwanza kumnyooshea kidole. Mtego ulikuwa ndani ya chumba chake, chini ya kitanda chake mwenyewe.

Akaumwaga mkaa wote uani. Akazitoa khanga, akazikata, akakaa na sindano akazipinda moja baada ya moja, kisha akazitia majini. Khanga iliyopindwa na kufuliwa si bidhaa tena, ni nguo ya mtu. Kuruthumu alipozikuta kambani, gundi imetoka yote, alikaa kizingitini akalia kwa sauti. Mama yake aliingia ndani akachukua deraya.

Ijumaa Kuu asubuhi Marcelino akaja mbio, wenzake wanamngoja nje pamoja na Bakili, kamanda wa mgambo aliyetakiwa kulinda njia. Deraya ilikuwa tayari, imetandikwa sponji ya godoro kwa ndani ili isimchubue. Bi Mwanamkuu akamvisha, akaifunga mgongoni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na kila ncha akaipitishia kisu cha moto mpaka ikashikana na plastiki.

"Imenikaa barabara," kijana akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Ule mzigo umeuweka pazuri?"

"Pazuri sana."

"Wapi?"

Bi Mwanamkuu akampiga kofi jepesi la kifua. "Hapa. Chini ya sponji. Nimeunga pande zote, haivuji."

Marcelino akapeleka mikono mgongoni, haikufika. Akageuka kwenye gunia la mkaa, tupu. Akatazama kambani uani, akaziona khanga. "Mama, fungua," akanong'ona. "Fungua, nakuomba."

"We Marcelino!" Bakili akaita mlangoni. "Watu wanakungoja!" Akaingia, akamtazama juu mpaka chini, akafurahi, akambamiza kifuani kwa ngumi kama wanaume wanavyopongezana. Kijana akakauka. Wakatoka.

Wanasema mkuu wa askari mwaka ule aliigiza vibaya, alitembea amejikumbatia njia nzima na mjeledi wenyewe aliusahau. Jua lilipoanza kushuka akarudi peke yake, deraya bado mwilini, jasho linamchuruzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nifungue. Zile saa nitazirudisha kwa mwenyewe, naapa. Hapa kwako siji tena."

"Kisu kipo motoni, nitakufungua," Bi Mwanamkuu akasema. "Lakini kwanza nenda pale kizingitini, ukamweleze binti yangu kwa nini anaolewa na khanga zilizofuliwa."

Kuruthumu akainua uso. Marcelino akasimama mbele yake ndani ya plastiki ile, hawezi kuinama wala kukaa, akafungua mdomo kuanza kueleza.