Wanawake Ishirini na Tisa wa Kuazima

Haya ninayowaambia msinicheke sana, ama chekeni tu, kwa sababu mume wangu alicheka mpaka chai ikapoa. Mimi ndiye katibu wa kikundi cha akina mama hapa Kangemi, na ni mkono wangu huu huu uliowanyima wenzangu muuguzi.

Kulikuwa na wakfu fulani wenye ofisi Westlands, unatoa msaada kwa vikundi vya akina mama: muuguzi anakuja mtaani kila mwezi kupima saratani ya mlango wa kizazi, bure kabisa. Sisi tuliutaka msaada huo kufa kupona, maana mwenzetu Mama Achieng alikuwa anatokwa na damu miezi miwili na hangeweza kukaa foleni ya hospitali siku nzima (anafulia watu Lavington, na huko usipofika asubuhi, kesho yake unakuta mwingine kwenye karai lako). Basi fomu ikauliza, mko wanachama wangapi? Tulikuwa kumi na mmoja. Timu ya mpira isiyo na hata mchezaji wa akiba! Nikaona aibu, nikajiambia wafadhili wanapenda umati, nikaandika arobaini.

Wiki mbili baadaye napigiwa simu, Madam Nalini wa ule wakfu anakuja Alhamisi kutuona. Wee! Lakini sikubabaika sana, kwa sababu huku kwetu vikundi huazimana watu. Mgeni akija kwenu, sisi tunakuja kujaza viti, akija kwetu, nyinyi mnakuja. Nikampigia Mama Sharon, mwenyekiti wa kikundi cha Kawangware, akaniletea wanawake ishirini na tisa wamefunga leso kiunoni, nikawapa na vyeo, yeye nikamfanya mweka hazina.

Alhamisi ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka mlangoni. Vigelegele, nyimbo, Madam Nalini anapiga makofi, mimi nimevimba kichwa. Tukaanza kujitambulisha. Mama Sharon akasimama, akasema bila hata kupepesa macho, "Mimi ni mweka hazina wa hapa."

Madam Nalini akavua miwani. "Mama Sharon, si Jumanne nilikuwa kwenu Kawangware, na wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti?"

Hapo mtu mwenye akili angekiri. Mimi nikasimama nikasema, "Huyu ni pacha wake."

"Pacha. Naye pia anaitwa Mama Sharon?"

"Ee... huyo mtoto Sharon walimlea pamoja." (Aki sijui nilitoa wapi maneno hayo.)

"Na huyu wa leso nyekundu? Na yule aliyenipa chapati kule Jumanne? Hao nao ni mapacha?"

Mama Sharon akaniangalia, akaona mashua inazama, akaruka. "Madam, mimi sina pacha. Lakini kwa vile uko hapa, ile barua yetu ya kuomba muuguzi imefika?"

Yaani kwenye mkutano wangu! Nikamnong'onezea, "Mbona hukuniambia alikuja kwenu?" Akanijibu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hukuniuliza."

Madam Nalini hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuliza tu wa kwetu hasa ni wangapi. Nikamwambia, kumi na mmoja. Akafunga faili polepole. "Mama, vikundi vya chini ya kumi na watano vina fungu lao, na mwaka huu hakuna aliyeliomba. Ungeandika ukweli, muuguzi angekuwa wenu. Sasa siwezi kupeleka jina lenu mbele."

Mama Achieng alikuwa amekaa safu ya mbele. Aliinama tu akakaza fundo la leso yake, na mimi nilitamani ardhi inimeze na fomu yangu.

Kawangware walipata, maana fomu yao ilikuwa na idadi ya kweli. Siku ya kwanza ya muuguzi nilimeza aibu nikawapeleka wenzangu wote, Mama Achieng mbele, na Mama Sharon mwenyewe akatupangia viti (akicheka, mshenzi yule). Mama Achieng alikutwa na kitu kidogo, wakasema kimewahiwa, kitatibika. Nililia pale pale kwenye benchi.

Mezani alikuwa Madam Nalini na daftari lake. Akanitazama juu ya miwani. "Karibu, Mama. Leo mko wangapi?"

Nikageuka, nikawahesabu kwa kidole mmoja mmoja, nikarudia tena, ndipo nikafungua mdomo.