Verna Hudock na Bunduki ya Gumegume

Verna Hudock alipata bunduki yake akitafuta nyama ya nguruwe. Ilikuwa bahati nasibu ya ukumbi wa zimamoto, miaka tisa iliyopita. Zawadi ya kwanza ilikuwa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na Verna alinunua tiketi moja tu kwa ajili ya paja hilo. Likachukuliwa na katekista wa kanisa lao, mtu asiye na meno. Jina la Verna likaitwa kwenye zawadi ya pili: bunduki ya gumegume, ndefu kama mwiko wa kusongea ugali wa kijiji kizima, ya kujazwa baruti kupitia mdomo wa mtutu na kuwashwa kwa cheche za jiwe, kama walivyokuwa wakiwinda mababu wa mababu zao huku Pennsylvania.

"Niuzie mimi, shemeji," alisema Stush, kaka wa mumewe, kabla hata hajaishika vizuri. "Wewe utaitundika ukutani ishike vumbi."

"Nitaitundika kichwani kwako," Verna akamjibu, akaiweka begani na kutoka nayo.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na mimi nilikuwa msaidizi wake jikoni, kama nilivyo hadi leo. Ni mwanamke mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto mia mbili kwa neno moja. Mumewe, Len, ni mpole mno. Alifanya kazi posta hadi akastaafu, na katika ukoo mzima wa wawindaji ni yeye peke yake asiyeweza kutazama damu. Siku ya harusi yao alijikata akinyoa ndevu, akazimia. Ikabidi Verna amsubiri kanisani nusu saa. Kwa hiyo bunduki ilipoingia nyumbani hapakuwa na ubishi ni ya nani.

Huku kwetu msimu mkubwa wa kulungu huwa mwanzoni mwa Desemba, na milima hujaa watu. Ikipita Krismasi, wenye bunduki za kisasa wamekwisha kurudi majumbani na msitu wa umma hufunguliwa tena wiki chache, safari hii kwa wenye gumegume peke yao. Wanaokwenda ni wachache. Theluji inafika magotini, kulungu waliobaki wamekuwa wajanja kama mawakili, na bunduki yenyewe haina imani na mtu. Verna aliupenda msimu huo kuliko mwingine wowote. Aliniambia mara moja, akimenya viazi, kwamba mwaka mzima anasikia makelele ya sufuria na watoto, basi anataka wiki tatu za kusikia theluji ikidondoka kutoka kwenye matawi.

Kulungu, lakini, hakuwahi kuua. Miaka minane mfululizo. Si kwamba hakuwaona. Aliwaona, akalenga, akavuta, jiwe likapiga chuma, baruti ya kwenye kisahani cha kando ya mtutu ikawaka "fuuu!", kisha basi. Ile ya ndani ya mtutu ikakataa kushika moto. Kulungu akainua kichwa, akamtazama kama anayemsikitikia, akaenda zake. Stush aliyashuhudia haya mara tatu, na mara tatu zilimtosha. Pale ukumbi wa zimamoto akambandika jina la Mama Fuuu, na jina likashika.

"Mama Fuuu, mwaka huu vipi?" watu walimwuliza kwenye kaunta ya duka la mikate.

"Mwaka huu nitaanza na Stush," alijibu. "Yeye ni mnene, na hakimbii."

Sasa twende Jumamosi ya mwisho ya msimu, mwezi Januari uliopita. Kipimajoto cha kibarazani kwao kilisoma nyuzi kumi na moja, na maji huganda kwenye thelathini na mbili. Stush alikuja na pikapu yake kukiwa kunapambazuka. Len aliwafungia mkate wa njugu aliouoka mwenyewe na chupa ya kahawa, akawaaga mlangoni huku ameshika mwiko.

"Mkipata, mnisamehe, mpitishe nyuma," alisema.

"Usihofu, mdogo wangu," Stush akamtuliza. "Ukiolewa na Mama Fuuu, damu utaisikia redioni."

Walipofika maegesho ya Shingle Run, palikuwa na gari moja tu jingine, limefunikwa umande ulioganda. Stush akachora mpango kwa kidole juu ya boneti. Yeye angezunguka kwa chini, apenye katikati ya vichaka vya mloreli ambamo kulungu hulala mchana, awakurupushe wapande juu. Verna angewasubiri kwenye jiwe lake, lile kubwa lililokaa kama kiti, ambapo ameketi misimu yote minane.

"Nipe saa moja na nusu," Stush akasema. "Nikiwaleta, shemeji, tafadhali, wafyatulie kitu. Hata kiatu."

"Wewe walete. Kati yako na hii bunduki, bado sijajua gumegume ni yupi."

Wakaachana. Verna alipanda taratibu, theluji ngumu ikivunjika chini ya buti kama vigae. Alipoufikia mgongo wa mlima, akasimama. Juu ya jiwe lake ameketi mtu.

Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la sufu la miraba na gumegume magotini. Alimwona Verna, akaanza kujinyanyua kwa shida.

"Samahani, mama. Hapa ni pako?"

Verna alikiri baadaye kwamba moyo wake ulisema ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini msitu wa umma hauna kiti cha mtu.

"Pa wote, mzee wangu. Mimi nimepakalia miaka minane tu."

"Basi ngoja nihame."

"Kaa. Umetangulia. Na mimi huku kukaa kwangu kote sijapata hata mkia, labda wewe utatoa nuksi."

Mzee alicheka, akajitambulisha kuwa ni Emory Fetterolf, kutoka ng'ambo ya mto. Kisha akainua mkono wenye glovu na kuonyesha bondeni. "Nilipokuja nimekatiza nyayo mpya kule kwenye misonobari, juu ya kijito. Za kulungu watatu au wanne. Zilikuwa bado hazijaganda kingo. Mimi magoti yangu hayashuki kule. Ya kwako je?"

Magoti ya Verna yalishuka. Kule kwenye misonobari hakuwahi kuketi maishani mwake. Alitafuta mti mnene, akafagia theluji kwa buti, akaegemeza mgongo. Akafungua kisahani, akamwaga baruti ya zamani iliyokwisha kunyonya unyevu, akatia mpya kidogo, akakifunika kwa kiganja. Upepo ulikuwa ukimjia usoni. Akakaa.

Saa ikapita. Vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, akawa anavichezesha ndani ya soksi na kuvihesabu kama wanafunzi. Ndipo alipoona sikio. Sikio tu, likitikisika kati ya vigogo viwili. Halafu pua. Halafu kulungu jike mzima, mkubwa, manyoya yake ya kijivu ya majira ya baridi yamesimama, anakuja hatua kwa hatua huku ananusa chini. Kibali cha jike alikuwa nacho Verna mfukoni. Hatua sitini. Hamsini. Kwenye hatua arobaini yule jike akageuka ubavu, akasimama.

Verna akavuta nyundo nyuma, akalenga, akabana pumzi, akafyatua.

Fuuu!

"Nilitaka kulia," aliniambia. "Halafu nilitaka kuirusha mtoni."

Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu kulungu hakuondoka. Aliinua kichwa, masikio mbele, akakodolea macho kile kijimoshi kilichokuwa kikipanda penye mti. Hakuwa amepata harufu ya mtu. Verna akavua glovu kwa meno. Akafuta jiwe la bunduki kwa kidole gumba. Akachokonoa kitundu cha kupitishia moto kwa sindano aliyoichomeka kwenye kola. Akamimina baruti kisahanini, nusu ikaingia, nusu ikamwagikia mapajani. Haya yote aliyafanya polepole kama mtu anayemvisha nepi mtoto aliyelala. Jike akapiga mguu mmoja chini. Akapiga tena. Verna akalenga.

Safari hii mlima mzima ulisikia. Moshi ulijaa mbele yake kama jiko la shule siku ya kuungua maharage, na hakuona kulungu, hakuona mti, hakuona hata mtutu wake mwenyewe. Moshi ulipoondoka, pale mahali palikuwa patupu.

"Nimekosa," akasema kwa sauti.

Alikwenda kutazama hata hivyo, maana ni wajibu. Kwenye theluji kulikuwa na tone jekundu, kisha matone, kisha mstari. Hatua thelathini mbele, nyuma ya gogo, jike alikuwa amelala, amekwisha. Verna akavua kofia. Alikaa chini kando yake muda kidogo, mkono juu ya shingo ile yenye joto, akamshukuru Mungu na akamshukuru kulungu, kwa sababu hakujua ni nani kati yao aliyesubiri kwa uvumilivu zaidi. Kisha akachomoa kisu. Miaka minane alikuwa amemsaidia Stush kupasua wa kwake, basi kazi aliijua.

Alikuwa anamalizia kufunga karatasi ya kibali sikioni mwa jike, Stush alipotokea akihema, mikono hewani.

"Nimekuletea, shemeji! Nimesema nini? Nimewatoa mle kichakani kama kuku! Wanne! Nimewapigia kelele hadi koo limekauka!"

"Asante, shemeji," Verna akasema. Akamtazama suruali. Mtu akipita katikati ya mloreli siku ya theluji hutoka mweupe hadi mabegani, kola imejaa barafu. Stush alikuwa mkavu kama biskuti.

Wakamfunga kulungu kamba, na mzee Fetterolf, aliyeusikia mlio, akawasubiri mgongoni mwa mlima akipiga makofi kwa glovu zake. Akashika bunduki zao zote ili wao wavute. Njia ya kurudi ikawapitisha pembeni mwa vichaka, na pale theluji ilikuwa imeandika kila kitu: nyayo za Stush kutoka maegesho, hatua zisizozidi mia nane, kisha gogo lililofagiwa vizuri, alama ya makalio mapana, na maganda ya soseji. Kuingia kichakani, hapakuwa na hata unyayo mmoja.

Verna akaachia kamba.

"Stush. Hawa kuku uliwatoa ukiwa umekaa?"

Stush alitazama gogo kana kwamba limemsaliti. Mzee Fetterolf, mtu wa adabu, akatangulia mbele na kuanza kuvutiwa sana na ndege fulani.

"Nilianza kuingia," Stush akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Pumzi ikakata, Verna. Hapa." Akagusa katikati ya kifua. "Nikakaa, ikapita. Nikasema nitaingia sasa hivi. Nikasikia umepiga."

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu tangu vuli."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Len angezimia."

Verna alicheka bila kupenda, halafu akamvuta kofia ikamfunika macho. "Jumanne unakwenda kwa daktari. Ukikataa, nasimulia habari za gogo hili pale ukumbini, nikiwa nimepanda juu ya meza."

"Na nikikubali?"

"Basi ulikuwa kichakani. Tena ulipiga kelele mpaka koo likakauka."

Stush akavuta pumzi, akakubali. Verna alimnyang'anya kamba asivute tena, naye akabeba chupa ya kahawa tu, akilalamika njia nzima kwamba anadhalilishwa. Ile nyama Verna aliivuta peke yake hadi kwenye pikapu, mita mia sita, akipumzika kila alipotaka na kuimba alipopata pumzi. Mzee Fetterolf alipewa moyo na minofu ya mgongoni palepale maegesho, imefungwa kwenye mfuko uliokuwa na mkate. Akaondoka akipiga honi.

Jioni ile Stush alisimulia ukumbini mpaka watu wakaacha kucheza karata. Hatua arobaini zikawa tisini. Moshi ukawa wingu lililofunika kaunti. Yeye mwenyewe alijitaja mara moja tu, tena kwa haraka, na aliposema "Mama Fuuu" mtu mmoja akamrekebisha kwamba jina hilo limefutwa. Verna alikuwa anakula, masikio mekundu kwa furaha.

Jumanne Len alimpeleka kaka yake hospitali. Wakaona mshipa mmoja wa moyo umebana, ukazibuliwa wiki ileile, na Stush akarudi nyumbani akiwaonyesha wauguzi na majirani mahali pa sindano kama jeraha la vita.

Lakini mimi siku ninayoikumbuka ni Jumatatu, kabla ya hayo. Verna aliingia jikoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akajifunga aproni, akashika sufuria kubwa ya tambi, akaiachia. Mabega yalikuwa yamekataa.

"Leo nyanyua wewe," akaniambia. "Mimi nitakaa hapa juu ya ndoo nikueleze jambo."

Nikainyanyua. Akanieleza. Tambi ziliiva kupita kiasi, watoto wakazila vivyo hivyo.