Siku Nilipomkana Bibi Kule Palermo

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini hapa Croydon alirudi kutoka likizo Sisilia na kisanduku cha vitamutamu vya lozi. Akaniuliza kama nimewahi kufika kule. Nikajibu sijawahi, nikala changu huku macho yapo kwenye kompyuta. Nilidanganya. Wewe nitakuambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Woolwich, mimi na mama, na mwaka ule bibi mzaa mama alikuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi sita. Mama alikuwa akihudumia wazee, likizo hapati ovyo. Alipopata siku nane akaamua tukazunguke kisiwa kile, maana Bibi alikuwa akilalamika kwamba Ulaya yote aliyoiona ni dirisha la jikoni na kituo cha basi.

Basi tukazunguka. Treni ilipita kandokando ya bahari, Bibi akimenya machungwa na kunitia vipande mdomoni. Trapani tulikula kuskusi ya samaki, akaonja mchuzi, akafumba macho, akasema, "Huyu aliyepika amefundwa." Bibi alimsalimia kila mtu kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa lugha yao, na mambo yakaenda. Mimi nilijificha nyuma ya mama. Niliionea haya kanga ya Bibi aliyojitanda juu ya koti la mama, nikaionea haya na sauti yake.

Palermo ndiyo iliyomchangamsha hasa. Sokoni Wabangladeshi waliuza bamia, Waghana walisuka nywele mlangoni, wenyeji walikaanga vipande vya unga wa dengu na kunadi kwa sauti za kuvuta. Halafu tukaingia mitaa ya zamani, ambako vibao vya majina viliandikwa kwa herufi za aina tatu: za Kiitaliano, za Kiebrania na za Kiarabu. Bibi, ambaye hakusoma kwingine ila chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akanyoosha kidole akasoma herufi moja moja, kwa sauti, akicheka. "Kumbe huku najua kusoma!"

Mama alikuwa amekwenda kununua maji. Ndipo akatokea msichana wa darasa letu, naye yupo likizo na wazazi wake. Mwaka mzima nilikuwa nikiutafuta urafiki wake. Akamtazama Bibi, kidole bado kipo hewani.

"Yule ni bibi yako?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hapana," nikasema. "Ni mtu wa kazi. Anamsaidia mama."

Nilidhani Bibi hatafahamu. Nilisahau kuwa ameshinda miezi mbele ya televisheni yetu. Kidole kikashuka. Akanijia taratibu, akanivua begi mgongoni, akalitia begani mwake, akasimama nyuma yangu, mikono ameifumbata mbele. Alisimama hivyo mpaka wale walipoondoka.

Nilingoja anigombeze. Akasema tu, "Mama yako yule anakuja." Jioni mama alipomuuliza mbona kapooza, alisema ni miguu.

Shule zilipofunguliwa, Bibi, aliyekuwa akinifuata mpaka getini, akaanza kunisubiri kona ya pili, mahali ambapo wenzangu hawafiki. Sikumwomba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Alirudi Tanga kabla baridi haijakaza. Miaka mitatu alikuwa akipiga simu, na kila mara nilijiandaa kusema, lakini Kiswahili kilikuwa kinanikauka. Nikaishia kwenye shikamoo na nzuri. Kisha akafariki. Shule ile imehamishwa, na kona yenyewe wameijengea maghorofa, huwezi kujua watu walikuwa wakisimama wapi.

Mama bado hupenda kuwasimulia wageni jinsi Bibi alivyofurahi Palermo. Akifika katikati hunigeukia. "Si mlikuwa wote? Hebu wamalizie."

Mimi huinuka, nikaenda kubandika maji ya chai.